Uliza Nahodha: Kusi la Julai na boti ya mshkaji

SWALI: Shikamoo Nahodha. Sisi ni washkaji saba tupo Dar, mwenzetu mmoja kanunua boti ya faiba ya futi 24, mashine moja. Tumepanga Sabasaba hii tuunganishe na likizo, tutoke nayo mpaka Unguja, tulale Nungwi, kesho yake tukate kwenda Pemba tuzunguke Misali na visiwa vya huko siku tatu nne ndo turudi. Mafuta tutabeba ya tanki na madumu. Mwenye boti anasema bahari ni ileile, kama umeweza kwenda utashindwaje kurudi. Wengine tuna wasiwasi ila hatutaki kuonekana waoga. Unatushaurije? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mwenye boti mwambieni hivi, bahari ni ileile lakini Julai kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti kabisa.

Julai ni kusi, na kusi lenyewe liko kwenye nguvu zake. Upepo unatoka kusini mashariki, na mkondo wa maji kwenye pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, sasa kipindi cha kusi ndo unakimbia zaidi. Kwahiyo mkitoka Nungwi kwenda Pemba upepo unawasukuma, maji yanawasukuma, mtapiga selfie mtasema mbona Nahodha anatutisha bure. Shida inaanza siku ya kurudi.

Hebu tupige hesabu. Nungwi mpaka Misali ni kama maili 34 za baharini, zaidi ya kilomita 60. Tuseme boti yenu inatembea maili 15 kwa saa na mkondo siku hiyo ni maili tatu. Kwenda mnapata 18, chini ya saa mbili mmefika. Kurudi mngetegemea 12, lakini hamtaipata hiyo 12 kwasababu mnapanda wimbi uso kwa uso na boti ya futi 24 ikilazimishwa mbio kwenye wimbi la hivyo inapaa na kudondoka mpaka meno yanagongana, itabidi mpunguze mpaka nane, toa tatu za mkondo, inabaki tano. Karibu saa saba hizo! Na mashine inakunywa muda wote. Mabaharia wana kanuni ya mafuta, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, ila kwa hesabu hii ya Julai hata hiyo kanuni inaweza isitoshe. Halafu nani atasimama amimine dumu la petroli kwenye tanki huku boti inaruka, na mwenzake pembeni anatapika?

Mashine moja nayo sijaigusa bado. Ikizima katikati ya Nungwi na Pemba hamuwezi kutia nanga msubiri, pale kina ni mamia ya mita, mtachukuliwa tu na mkondo kwenda kaskazini.

Kipande hicho wanakiheshimu hata wenye meli kubwa. Mv Spice Islander ilizama huko Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imejaza kupita kiasi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit nayo, kwenye kipande chenu cha kwanza, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar kwenda Unguja, bahari ilikuwa imechafuka. Angalia mwezi huo. Hizo zilikuwa za kubeba mamia ya watu, nyie mna faiba.

Sasa sijasema msiende Pemba, Pemba nendeni. Ila vukeni na boti za abiria au ndege, halafu mkodi boti hukohuko, Mkoani au Wesha, pamoja na nahodha mwenyeji. Kusi linapiga upande wa mashariki wa kisiwa, upande wa magharibi Pemba yenyewe inawakinga, na ndo huko vilipo visiwa mnavyovitaka: Misali, Fundo, Njao. Mnatembea kwenye maji yaliyotulia kiasi, mnaona matumbawe, mnakula pweza, na ikichafuka mko karibu na nchi kavu. Misali ni hifadhi, mtalipa kiingilio, na kuna sehemu hairuhusiwi kuvua kabisa kwahiyo mishipi muulize kwanza.

Kama lazima iwe boti yenu basi subirini kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini mashariki, Desemba mpaka Februari, mkondo unakuwa umepungua, na hata hapo tafuteni mashine ya pili hata ndogo, redio ya VHF (chaneli 16 ndo ya dharura), jaketi kwa kila kichwa zivaliwe sio zikaliwe, na utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) siku ileile ya kutoka.

Na nanga jamani. Watu wa Dar wengi wanatia nanga kama wanapaki gari. Huku wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka mpaka mita nne, kwahiyo ukitia nanga kwenye mita tatu maji yamekupwa, usiku yakijaa uko kwenye mita saba, kamba inatakiwa kama mara tano ya hicho kina, yaani mita 35, wewe umeachia kumi unalala. Boti inanyanyua nanga inaondoka na nyie. Ukitia maji yamejaa ndo kinyume chake, alfajiri mnaamka mmelala ubavu juu ya mwamba. Tafuteni mchanga, msitie kwenye matumbawe.

La uoga: chagueni nahodha mmoja kabla ya kutoka, akisema hatutoki leo hakuna kupiga kura. Na asiwe mwenye kiu ya bia.

SWALI: Nahodha, Januari tunaenda Lamu marafiki watano, tushakodi jahazi na nahodha wa huko siku nne, tunataka Pate, Siyu na Kiwayu. Kila tukimuuliza ratiba anajibu "tutaangalia maji". Sisi tumelipa, tunataka saa. Anatuzungusha? (Msomaji, Nyali)

JIBU: Hawazungushi, huyo ni mzuri mshikeni. Pate mjini na Siyu chombo kinaingia maji yakijaa tu, yakikupwa ni matope na mikoko mnabaki nje mnachungulia. Na maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, leo yakijaa saa nne asubuhi kesho ni karibu saa tano, sasa akupe saa ya siku nne mbele ya nini?

Mimi ningemuuliza swali jingine, anaanza na kisiwa gani. Januari ni kaskazi, upepo unatoka kulekule Kiwayu, kwahiyo kwenda ni kupiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, siku nzima au kuwasha mashine. Mwambieni awapeleke Kiwayu mwanzo kwa mashine, kurudi mfungue tanga mshuke na upepo, Siyu na Pate mzipitie njiani kwa maji atakayoyaona yeye. Bei ya dizeli mkubaliane kabla hamjapanda.