Acha Kumhoji Aliyeumia

Mume wangu alinusurika katika ajali ya basi iliyomuua rafiki yake waliyekaa bega kwa bega, na kwa miezi mingi niliamini kwamba wajibu wangu ni kumfanya aseme. Kila jioni nilimuuliza aliona nini na kwa nini hali chakula, naye alinijibu kwamba amechoka tu, kisha akatoka kwenda kukaa barazani peke yake.

Katika kipindi hicho nilisoma Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar hajapewa Tuzo ya Nobeli. Hamza, aliyejiunga kwa hiari na jeshi la kikoloni la Wajerumani, anarudi pwani akichechemea kwa jeraha alilotiwa na mkubwa wake mwenyewe wa Kijerumani. Afiya naye aliwahi kuvunjwa mkono utotoni na mlezi aliyekasirika kugundua kwamba anajua kuandika. Hawa wawili wanakaribiana taratibu, hata Hamza anafikia kumtafsiria Afiya beti za Schiller, mshairi wa Kijerumani, kwa Kiswahili, na pendo lao halimdai yeyote kati yao apone kwanza ndipo apendwe. Hapo ndipo nilipojiona nilivyokuwa nikimdai mume wangu.

Niliacha maswali, nikaanza kumwomba tufanye pamoja kazi ndogo za nyumbani. Jumamosi moja tulikuwa tukichambua mchele, macho yetu yote yakiwa kwenye ungo, akasema kwamba siku ile rafiki yake ndiye aliyeomba wabadilishane viti ili akae dirishani. Maswali yalinijaa kinywani, lakini niliendelea kuokota chuya, naye akaendelea kusema hadi mchele ukaisha.

Nawasihi wenzangu mnaoishi na mtu wa namna hii mumpe kazi ya mikono na muda, wala msimtazame usoni anapoanza kusimulia. Subira ninayoisema si kuvumilia kipigo, na haichukui nafasi ya tabibu: usingizi ulipozidi kumkimbia nilimsindikiza kwa mtaalamu wa afya ya akili, nikamsubiri nje kwenye benchi, na tulipokuwa tukirudi nyumbani sikumuuliza waliongea nini.

Mpaka leo hatusafiri usiku. Tukipanda basi la asubuhi, yeye hutangulia kukaa dirishani, nami huketi kando yake.