Kadi zote anaoanisha, lakini "mama" hawezi kulisoma

SWALI: Hujambo mwalimu. Mtoto wangu ana miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, hapa Kisumu. Nilimnunulia kadi za kuoanisha herufi kubwa na ndogo, zile ngumu zenye picha, kwa shilingi 1,800. Sasa anazipanga zote, A mpaka Z, tena haraka kuliko mimi. Lakini nikimwandikia "mama" ananitazama tu. Halafu "shule" anaiita "sule". Jirani anasema nimpeleke akakatwe ule uzi wa chini ya ulimi. Aliyeniuzia kadi naye anasema ninunue seti ya pili, ya "kusoma kwa siku 14". Nifanyeje? – Mama wa PP2, Manyatta.

JIBU: Mama, seti ya pili usinunue, na kwa huyo wa kukata ulimi usiende. Swali lako naletewa karibu kila wiki, na wazazi wanaoliuliza huwa wameshatoa pesa tayari, kwa hivyo utanivumilia nikiwa mkali kidogo.

Mwanao hana kasoro yoyote kwa haya uliyoeleza. Amefanya kile hasa ambacho kadi zilimwomba afanye: kutafuta maumbo mawili yanayoendana. Kazi hiyo haihitaji mtu kujua kwamba herufi ina sauti. Mwekee herufi za Kiarabu mezani, zile zile mbili mbili, naye ataziunganisha vizuri tu ingawa hajawahi kusikia hata moja ikitamkwa. Ametumia macho. Sikio halijaguswa, na kusoma kunaanzia kwenye sikio.

Tena huenda hata herufi zenyewe hakuziangalia. Chukua hizo kadi uzigeuze zote kifudifudi, herufi zisionekane, kisha umwambie apange. Seti nyingi zinazouzwa hukatwa kama fumbo, kila jozi ikiwa na meno yake, au hupakwa rangi pembeni, nyekundu kwa nyekundu. Nimewaona watoto wakimaliza seti nzima kwa mgongo wa kadi, wakifuata meno tu, huku mzazi akipiga makofi na simu ikirekodi video.

Na kwa nini herufi 26? Hilo peke yake lingekuonyesha kwamba seti ilitengenezewa Kiingereza, ikabandikwa picha chache za kwetu. Kiswahili hakina neno lenye q wala x, na c haisimami peke yake, lazima ifuatwe na h. Mtoto wako ametumia jioni zake kujifunza jozi ambazo hatazikuta popote katika kitabu chake cha Kiswahili.

Sasa kuhusu neno "mama". Muulize mwanao hii inaitwaje, umwonyeshe m. Nina hakika atakujibu "em". Hilo ni jina la herufi, tena kwa Kiingereza. Akikutana na m-a-m-a, anachopata kichwani ni "em-ei-em-ei", na hapo hakuna mahali pa kulitoa neno mama. Wapo pia walimu wanaojua kwamba jina halitoshi lakini wanaitamka sauti vibaya, wanaiongezea u nyuma: "mu", "su", "lu". Mtoto wa mwalimu huyo akisoma "sima" anapata "su-i-mu-a", anabaki ameduwaa, kisha anaambiwa hana akili. Sauti ya m ni midomo kufungwa na kuvuma, mmmm, basi. Ya s ni ssss. Ukiongeza chochote baada yake umeshaiharibu.

Picha nazo zina vituko vyake. Chini ya n utakuta ndizi, nyoka na ng'ombe, zote tatu. Zitamke polepole: hakuna hata moja inayoanza kwa n kama ya "nanasi". Nyoka anaanza kwa ny, ng'ombe kwa ng', ndizi kwa nd. Kuna mtoto mmoja hapa mjini aliyeiweka picha ya kuku chini ya g, mwalimu akampigia alama ya kosa. Nikamuuliza mtoto, huyu ni nani? "Gweno." Kwao nyumbani wanazungumza Dholuo, na gweno ndiye kuku. Sikio la mtoto huyo lilikuwa limefanya kazi sawasawa kuliko darasa zima, na zawadi yake ikawa alama nyekundu. Kabla hujampa mtoto picha yoyote aioanishe na herufi, mwambie aitaje kwanza.

Nyumbani hauhitaji picha. Tandika leso sakafuni, uweke sabuni, simu na kikombe. Usitaje herufi. Mwambie: mimi nataka kitu kinachoanza na ssss. Livute hilo s mpaka aone unavyochekesha. Akikuletea kikombe, usimwambie amekosea, kitamkeni pamoja, kkk-ikombe, halafu muulize kama amesikia ssss. Akishachukua sabuni na simu bila kubahatisha, hapo ndipo utoe kifuniko cha chupa ya maji ulichokiandika s kwa maka, akiweke juu ya vitu hivyo akisema ssss. Usichelewe sana kutoa herufi lakini. Jopo la kitaifa la Marekani lililopitia tafiti za kusoma na kutoa ripoti mwaka 2000 lilikuta kwamba mazoezi ya sauti husaidia zaidi herufi zikiwepo mkononi kuliko sauti zikichezwa peke yake. Dakika kumi kwa siku zatosha. Akianza kujinyooshanyoosha sakafuni, kunja leso.

Anza na sauti zinazovutika: m, s, l, pamoja na a, i na u. B, t na k hazivutiki, zinakatika mara moja, ndiyo maana watu huziongezea mkia. Ziache za baadaye. Kwa hizo sita tu utasoma naye mama, sisi, sima, simu, lala, lima, mali. Vipange vifuniko viwili, m na a, vitenganishe, avitamke huku unavisogeza mpaka vikutane: mmmm… a… ma. Kile kitendo cha kusogeza ndicho kazi ya mkono ninayoitaka, kwa sababu mkono na sikio vinafika pamoja. Kisha badilisha a uweke i. Shuleni najua wanaimba ma-me-mi-mo-mu, na silabi ni njia nzuri kwa Kiswahili, ila wimbo una hila yake. Onyesha "mo" peke yake uone kama hatarudi kimoyomoyo mpaka "ma" ndipo aifikie.

Vifuniko vya soda vya bati vina makali, chukua vya plastiki. Na kama nyumbani kuna mdogo wake chini ya miaka mitatu, viondoe mkimaliza, maana kila kitu huishia mdomoni.

Sasa "sule". Dholuo haina sauti ya sh, wala ya z. Mtoto aliyelelewa akisikia Dholuo anachukua s iliyo jirani, na watu wazima wengi wa kwetu wanafanya hivyo hivyo, wengine ni maprofesa. Ukienda Nakuru, wa kwa Wakikuyu atachanganya l na r kwa sababu Gĩkũyũ haina l, na wa kwa Wakalenjin atakusumbua kwa b na p kwa sababu lugha yake haizitumii hizo mbili kutenganisha maneno. Dawa yake ni sikio kuzoezwa polepole. Fundisha s kwanza mpaka ikomae. Sh ije baadaye, wiki nyingine kabisa, mbele ya kioo: kwa s midomo inatanuka, kwa sh inachomoza mbele. Kwa z atumie vidole shingoni, asikie panavyotetemeka, kisha arudie s asikie pametulia. Halafu ndipo umwekee vifuniko viwili, na vitu vya kugawa: sabuni huku, shati kule. Kusema "sule" hakumzuii kusoma leo.

Ulimi je? Uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi kweli unaweza kumsumbua mtoto kunyonya akiwa mchanga, na pengine sauti ambazo ncha ya ulimi hupanda juu, kama l. Anayeamua hilo ni daktari baada ya kuuangalia. Kumkata mtoto wa miaka mitano kwa wembe kibandani ili ajifunze sh ni kumtia kidonda na hatari ya tetanasi kwa jambo ambalo halimo ulimini. Mtoto asiyesoma si wa kukatwa mahali popote. Nasema hivi kwa sababu nikiondoa ulimi, kesho wataniletea sirapu ya kufungua akili.

Na hawa wa siku 14! Siku 14 zinatosha mtoto kukariri kadi thelathini kwa sura, akaonekana anasoma. Mwambie muuzaji aliandike neno ambalo halimo kwenye kadi zake, hata la uongo, amwombe mtoto alisome. Anayejua sauti atalitoa, pengine polepole. Aliyekariri atabuni. Wengine wameandika "Montessori" kwenye boksi kana kwamba ni muhuri wa KEBS, shirika la viwango la Kenya. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti yake, sauti, si jina. Ukichukua herufi ukaacha sauti, umebakiwa na msasa. Nawaambia na wenye shule vilevile, nyinyi mnaojaza ukuta chati mpaka dirishani na kuwaweka watoto wa PP1 tuisheni ya jumamosi: ukuta haujawahi kumfundisha mtu kusoma.

Jambo moja ningelikagua kabla ya yote, na hakuna muuzaji atakayekutajia. Mwanao anasikia vizuri? Je, husema "eeh?" mara kwa mara, huongeza sauti ya TV, hutokwa na usaha sikioni au mafua yake hayaishi? Mtoto asiyesikia sawasawa hawezi kutenganisha s na sh hata kwa vifuniko vya dhahabu. Mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa, au uulize shuleni kituo cha EARC cha kaunti, yaani kituo cha elimu ambako watoto hufanyiwa tathmini. Usaha sikioni hutibiwa. Usiuache mpaka awe Gredi ya Kwanza, mwalimu aanze kumwadhibu kwa ukaidi kwa sababu haitiki akiitwa kutoka nyuma.