Acha mkono ulale: fidla niliyofundishwa Moscow

Nilikwenda Moscow kusomea uhandisi. Fidla nilibeba kwa mapenzi tu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshapiga taarab Unguja miaka kadhaa, nilijiona fundi. Mwalimu mmoja, bibi mstaafu, akakubali kunifundisha jioni. Alinisikiliza kama dakika mbili, akafunga daftari langu la noti. Nyuzi tupu, bila kidole juu yake, akasema, uta mzima, polepole. Wiki sita sikupiga kingine. Wenzangu wa bwenini wananikumbuka mpaka leo, na si kwa wema.

Kosa langu lilikuwa kukandamiza. Nikitaka sauti kubwa nabana uta kwa vidole, na uzi unakwaruza. Katika mshiko unaoitwa wa Kirusi, kidole cha shahada hugusa ufito wa uta ndani zaidi, kuelekea kiganja, kuliko katika mshiko wa Wafaransa na Wabelgiji. Kiganja nacho huinamia upande wa kidole hicho. Hapo uzito wa mkono mzima, kuanzia begani, unashuka wenyewe mpaka kwenye uzi. Wewe kazi yako ni kutouzuia. Jaribu hivi: weka uta juu ya uzi wa re (D), legeza bega, subiri mkono uwe mzito kama wa mtu aliyesinzia, ndipo uvute. Kiwiko kikikakamaa, anza upya.

Ila usiuabudu mshiko. Leopold Auer, aliyefundisha St. Petersburg kuanzia 1868 hadi 1917 na kuwalea wapiga fidla mashuhuri akina Heifetz, Elman na Milstein, aliandika kwamba hakuna kanuni moja ya kupanga vidole kwenye uta, maana mikono haifanani. Na huyo baba wa shule ya Kirusi, yaani mtindo wa Warusi wa kupiga fidla, alikuwa Mhungaria, mwanafunzi wa mpiga fidla Joachim! Basi ukiona mtu mtandaoni anakuuzia “siri ya Warusi”, mpite.

Kuhusu saa za mazoezi, Milstein alikuwa akisimulia jibu alilopewa na Auer: ukifanya kwa vidole, siku nzima haitoshi, ukifanya kwa akili, saa moja na nusu yatosha. Mimi nilipunguza kutoka saa nne hadi mbili, nikawa naimba kila skeli, yaani noti zinazopanda ngazi kwa ngazi, kabla ya kuipiga. Usafi wa noti ulipatikana hapo, si kwenye zile saa nne.

Jingine: kaa kwenye somo la mwenzako. Kule Moscow wanafunzi hukaa darasani wakisikiliza mwingine akisahihishwa, na kosa lako unalisikia vizuri zaidi likiwa mkononi mwa mtu mwingine. Umri nao usikutishe sana. Ni kweli mpiga fidla mashuhuri Oistrakh alianza na mwalimu Stolyarsky kule Odessa akiwa na miaka mitano, lakini sisi hatushindani naye.

Wiki ya saba bibi akaniruhusu kuweka kidole cha kwanza. Nikapiga mi, nikamtazama. Akasema iko chini kidogo. Kweli, ilikuwa chini.