Noti ya saba na ladha ya jazi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza kupiga kinanda na nimekwisha kuzizoea kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) za noti tatu, za meja na za maina. Sasa nimeanza kodi za saba, yaani zilizoongezwa noti ya saba ukihesabu kutoka noti ya msingi, na kila ninapozipiga nasikia ladha ya jazi papo hapo. Noti moja tu inawezaje kubadilisha sauti kiasi hicho?

JIBU: Sikio lako linasikia vyema, ila noti ya saba peke yake haitoshi kuufanya muziki uwe jazi, kwani hata Bach, mtunzi Mjerumani aliyefariki mwaka 1750, alizitumia sana kodi hizi. Tofauti imo katika kile kinachofuata. Katika muziki wa zama zake, noti ya saba huleta mvutano unaodai kutulizwa: ukipiga G7, yaani G, B, D na F, sikio hungoja F ishuke hadi E na B ipande hadi C. Wanajazi waliueneza mvutano huo wimbo mzima, hata kodi ya kumalizia ikabeba noti yake ya saba. Piga C, E, G na B, ambayo ni C meja 7, nawe utasikia kodi iliyofika nyumbani lakini haijafunga mlango. Ukiishusha B hiyo nusu toni, yaani hadi kibonye kilicho karibu nayo zaidi upande wa chini, utapata C7, na katika bluzi kodi za namna hiyo zinaweza kuanza wimbo na kuumaliza pasipo kutulizwa.

Hata hivyo, uzuri wenyewe, kwa maoni yangu, umo katika mwendo kutoka D maina 7 kwenda G7 na kuishia C meja 7. Mkono wa kushoto upige D, kisha G, kisha C. Mkono wa kulia ushike F na C iliyo juu yake. Kodi inapogeuka kuwa G7, F inabaki palepale na C inashuka nusu toni hadi B. Inapofika C meja 7, B ndiyo inayobaki na F inashuka hadi E. F iliyokuwa noti ya tatu ya D imekuwa ya saba ya G, na B iliyokuwa ya tatu ya G imekuwa ya saba ya C. Noti ya tano nimeiacha kwa makusudi, maana hapa haiongezi mengi. Rudia mwendo huo polepole huku ukiiimba noti inayoshuka, kisha uanzie kwenye noti nyingine za kinanda.