Beri ya Mwituni Inayochanua Bila Kuzaa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi magharibi mwa jimbo la Oregon, nchini Marekani. Miaka kadhaa iliyopita mwenye shamba mmoja aliniruhusu kung'oa mche wa beri nyeusi ya mwituni, ile inayotambaa chini, nikaupanda kando ya uzio. Kila ncha iliyogusa udongo ilitoa mizizi, na sasa uzio wote umefunikwa. Majira ya kuchipua huchanua sana na nyuki huujia, lakini sijachuma hata tunda moja. Je, niuongezee mbolea au niung'oe?

JIBU: Ndugu msomaji, mbolea haitakusaidia, na kuung'oa wote ni mapema mno. Mmea huo, kwa maelezo yako, ni Rubus ursinus, beri ya asili ya upande wa magharibi wa Amerika Kaskazini, kuanzia British Columbia hadi Baja California. Tofauti na beri nyeusi nyingi, kwa kawaida huwa na mimea dume na mimea jike iliyo mbalimbali, kama ilivyo kwa mipapai. Kwa kuwa uzio wako wote umetokana na mche mmoja, mashina hayo yote ni ya jinsia moja, hata yakijaza ekari nzima.

Kujua ni jinsia ipi, subiri maua yafunguke, kisha ulichunguze moja kwa karibu. Ua dume ni kubwa zaidi, petali zake ni ndefu, na stameni zake nyingi, yaani viungo vya kiume vya ua, huacha vumbi la manjano kidoleni ukizigusa. Ua jike ni dogo. Katikati yake pana kichuguu cha kijani kibichi cha pistili, yaani viungo vya kike, zilizosongamana, na stameni zinazokizunguka ni fupi, hazina chavua ya maana.

Ukiona ni dume, tafuta jike, na wakati mzuri wa kulitafuta ni kiangazi, kwa sababu mmea wenye matunda hauhitaji kubahatishwa. Ukiona ni jike, basi dume ndilo linalokosekana. Lifungie uzi likiwa na maua, maana baadaye hutalitambua. Dume moja linatosha majike kadhaa, mradi yawe karibu. Mwishoni mwa kiangazi inamisha ncha ya shina changa la mmea ulioupata, ifukie sentimita chache ardhini, na majira ya kuchipua yafuatayo uikate kutoka kwa mama yake na kuihamisha. Njia ya mbegu siishauri: huota polepole, huhitaji kipindi kirefu cha baridi, na hutajua jinsia ya mche mpaka uchanue.

Utakapokuwa ukitafuta, usije ukaleta nyumbani Rubus armeniacus, beri nyeusi nyingine iliyo gugu sugu katika jimbo lako, ambalo mzalishaji wa mimea Luther Burbank alilieneza Marekani kuanzia mwaka 1885. Mashina yake ni manene yenye pembe, na majani yake makubwa, ambayo mara nyingi ni ya vijani vitano, ni meupe upande wa chini. Beri yako ina mashina membamba ya mviringo yenye utando wa kibuluu unaofutika kwa kidole, na vijani vitatu kwa kawaida.

Wala usitegemee rasiberi ya jirani ikuchavushie. Ni kweli kwamba James Harvey Logan, hakimu wa Santa Cruz, California, alipata beri ya logan mwaka 1881 kutokana na Aughinbaugh, aina jike ya beri hii, iliyochavushwa na rasiberi, lakini hiyo ilikuwa bahati.

Kuhusu kukata, kata kwa kuchagua. Kila shina huishi miaka miwili: mwaka wa kwanza hurefuka tu, wa pili huchanua, kisha hufa. Yaliyokwisha kuchanua yakate usawa wa udongo baada ya msimu. Machanga yafunge kwenye waya za uzio, kwani ndiyo yatakayochanua mwakani.