Akaunti imefutwa, kompyuta bado inabisha hodi

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, barua pepe za ofisi nzima ziligoma. Sisi ni mawakala wa forodha hapa Dar es Salaam, watu sita na kompyuta tano, na kazi yetu yote inapita kwenye barua pepe: hati za mzigo, ankara, taarifa kwamba meli imefunga gati. Kontena likikaa bandarini kupita siku zake mteja anaanza kutozwa kwa siku, na akitozwa kwa uzembe wetu atatudai sisi. Kwa hiyo niliposikia sauti ya nne ikisema "hata kwangu hazifunguki", niliacha chai mezani nikainuka.

Aliyetuonyesha njia ni dada wa mapokezi. "Kaka, mbona kwenye simu yangu zinafunguka?" Nikamwuliza kama yuko kwenye Wi-Fi ya ofisi. Hakuwepo, alikuwa anatumia bando lake. Akaingia Wi-Fi, zikagoma. Akatoka, zikafunguka. Hapo nikajua seva, yaani kompyuta ya mbali inayohifadhi barua zetu, iko hai, ila imeikataa ofisi yetu. Niliwapigia simu wanaotuhifadhia seva, wakathibitisha: anwani ya intaneti ya ofisi imefungiwa, kwa sababu kuna kompyuta humo ndani inayojaribu kuingia kwa jina la uhasibu na kila mara inashindwa.

Akaunti ya uhasibu nilikuwa nimeifuta Ijumaa, siku mzee wetu wa hesabu alipostaafu. Niliifuta mimi mwenyewe, kwenye seva na kwenye kompyuta mbili alizokuwa akizitumia. Na Jumatatu dada wa mapokezi alikuwa amekwisha kuniambia kwamba kuna dirisha linamwomba nywila ya uhasibu kila mara. Nilimjibu abonyeze "Cancel", nitakuja. Sikwenda, na Jumanne tukalipia.

Nimeona ofisi nyingi zikiishi na dirisha la namna hiyo kwa miezi. Watu wanalizoea, linatokea, wanalifunga, wanaendelea. Nawasihi msilizoee. Seva nyingi za barua zina programu ya ulinzi inayohesabu majaribio yaliyoshindwa. Fail2ban ni mojawapo, na isipobadilishwa hufunga anwani iliyokosea mara 5 ndani ya dakika 10, ingawa kila mwenye seva hupanga kiwango chake. Mlinzi huyo haoni kompyuta tano. Anaona anwani moja tu, ya ruta yenu, kwa hiyo kosa la mashine moja linafungia watu wote. Sisi tunatumia Thunderbird, programu ya barua pepe ya kwenye kompyuta, ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida hukagua barua mpya kila baada ya dakika 10, na kwa akaunti ya IMAP, yaani ile ambayo barua zake hubaki kwenye seva, huweza kufungua hadi miunganisho 5 kwa pamoja. Akitokea mtu wa kubonyeza kitufe cha kujaribu tena, na tena, idadi inatimia haraka.

Wenye seva walitufungulia asubuhi ileile, lakini kama anayebisha hodi hakupatikana tungefungiwa tena kabla ya mchana. Nilimwomba dada wa mapokezi kitu kimoja: dirisha likitokea asiguse chochote, aniite. Mnamo saa tano akaniita. Lilikuwa limetokea sekunde ileile alipobonyeza kitufe cha kutuma barua kwa mteja. Niliinama nikasoma neno kwa neno. Lilitaka nywila ya uhasibu, ndiyo, lakini kwenye seva ambayo jina lake lilianza na herufi nne: smtp.

Jibu lote lilikuwa kwenye herufi hizo. Seva ya kupokelea barua ni ya IMAP au POP3, ambayo hushusha barua kwenye kompyuta, na mara nyingi jina lake huanza na imap, pop au mail. Seva ya kutuma barua ni ya SMTP. Ile kompyuta haikuwa inakagua barua za uhasibu hata kidogo. Ilikuwa inatuma barua za mapokezi kwa kupitia mlango wa uhasibu.

Inakuwaje? Tunachokiita akaunti kwa neno moja, ndani ya programu ni vitu kadhaa vilivyofungwa pamoja. Kuna seva ya kupokea. Kuna seva ya kutuma, ambayo inakaa kwenye orodha yake peke yake. Kuna utambulisho, yaani jina na anwani anayoiona unayemwandikia. Kuna nywila iliyohifadhiwa. Kuna barua zenyewe kwenye diski, na wakati mwingine kalenda na kitabu cha anwani. Ukiondoa akaunti unaondoa seva ya kupokea na utambulisho wake, lakini seva ya kutuma haitaondoka ikiwa akaunti nyingine bado inaitegemea. Aliyetengeneza kompyuta ya mapokezi miaka ile alianza na uhasibu, kisha alipoongeza akaunti ya mapokezi akaiazimia seva ileile ya kutuma. Miaka yote ilifanya kazi vizuri, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kutazama. Programu haikuwa na kosa, ilikuwa inafuata tulichoiachia.

Dawa yake ni ya dakika mbili. Fungua "Account Settings", bofya jina la akaunti inayobaki, ushuke hadi chini ya ukurasa ambako kuna kisanduku cha kuchagua seva ya kutuma, uchague iliyo sahihi. Kama haimo, iongeze kwanza. Ukishamaliza hapo ndipo uende kwenye orodha ya seva za kutuma uifute ile ya zamani. Fuata mpangilio huo. Ukitanguliza kufuta, akaunti inayobaki inaweza kurukia seva nyingine yoyote iliyomo kwenye orodha, na utakuwa umehamisha tatizo tu. Ukiwa hapohapo pitia pia sehemu ya "Copies & Folders". Nimewahi kukuta nakala za barua zilizotumwa zimeelekezwa kwenye folda ya akaunti nyingine kabisa, na hiyo nayo huleta malalamiko kila unapotuma, hata kama barua yenyewe imefika.

Kabla ya kuinuka nilimwuliza swali moja ambalo nawaomba na ninyi mulize: "Jumatatu, uliandika nini kwenye lile dirisha?" Akasema aliandika nywila yake, mara nyingi, akidhani amesahau herufi. Yaani nywila yake ilikuwa imetumwa chini ya jina la mtu mwingine siku nzima. Seva ilikuwa yetu na muunganisho umefichwa, lakini tuliibadilisha papo hapo. Mtu aliyezoeshwa kuandika nywila kwenye kila dirisha linaloomba, siku matapeli wakimtumia dirisha lao ataandika pia.

Kompyuta ya pili ilikuwa ya mzee mwenyewe, sasa anaitumia kijana aliyechukua nafasi yake. Hapo fundi alikuwa amepita kabla yangu, akaiondoa Thunderbird yote na kuiweka upya. Nusu siku ilikwenda, na dirisha likarudi vilevile. Ni lazima lirudi, kwa sababu kuondoa programu hakuondoi profaili. Mipangilio, nywila na barua vyote vinakaa kwenye folda ya pembeni, na programu mpya ikiamka inaisoma folda ileile. Unaipata kupitia menyu ya "Help", kisha "Troubleshooting Information", kwenye mstari wa "Profile Folder" kuna kitufe cha kuifungua. Tafadhali, kabla ya kubadilisha chochote, funga programu na unakili folda hiyo nzima kwenye flashi. Kwetu ilichukua dakika kumi na mbili, na ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuendelea.

Nilitaka kujua kinachogonga kabla ya kufuta. Kuna sehemu mbili za kutazama. Ya kwanza ni mstari wa chini kabisa wa dirisha la programu, ambako maneno hupita haraka yakitaja akaunti inayoshughulikiwa. Ya pili ni orodha ya nywila zilizohifadhiwa, ndani ya "Settings" kwenye "Privacy & Security". Kila nywila imeandikwa na mlango wake: imap ni ya kupokea kwa IMAP, mailbox ni ya POP3, smtp ni ya kutuma, na inayoanza na https aghalabu ni kalenda au kitabu cha anwani. Kwenye kompyuta ya mzee ya imap haikuwepo tena, ya smtp haikuwepo, ila ilikuwepo moja ya https yenye jina la uhasibu. Ujue lakini kwamba kufuta nywila peke yake hakumnyamazishi anayebisha. Kunamfanya aulize kwa sauti badala ya kujaribu kimyakimya.

Ilikuwa kalenda. Mzee alikuwa ameweka humo kumbusho zake zote, PAYE kila tarehe 7, VAT kila tarehe 20, na tarehe za wateja wakubwa mmojammoja kwa maelezo aliyoyajua yeye. Kalenda ya mtandaoni ina ratiba yake ya kujihuisha, haihusiani na ukaguzi wa barua, ndiyo maana hata baada ya akaunti kuondolewa hodi iliendelea takriban kila nusu saa. Kwa bahati nakala yake ilikuwa bado imo kwenye kompyuta. Tuliitoa kama faili la .ics, tukaliingiza kwenye kalenda mpya ya kijana, halafu ndipo tukajiondoa kwenye ile ya zamani. Laiti ningefuta kwanza na kuuliza baadaye, tarehe zile zote zingekwenda na mzee.

Hapa nikawie kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Ukibofya "Remove Account", dirisha linakupa visanduku viwili: kuondoa taarifa za akaunti, na kuondoa barua zenyewe. Kama akaunti ilikuwa ya POP3 iliyopangwa kutobakiza barua kwenye seva, barua zake hazipo popote duniani isipokuwa kwenye ile diski. Weka alama kwenye kisanduku cha pili na risiti za miaka mitano zimekwenda. Kama ni ya IMAP hatari inatoka upande wa pili: programu inafuata seva inavyosema, na seva ikionyesha sanduku tupu, nakala ya kwenye kompyuta nayo inaweza kutupwa. Kwa hiyo weka programu nje ya mtandao kwa "Work Offline", kokota barua unazozihitaji hadi "Local Folders", zifungue chache uhakikishe viambatisho vimo, kisha ndipo uiguse akaunti.

Wanaopenda kuingia ndani zaidi wataliona kwenye folda ya profaili faili liitwalo prefs.js. Nililifungua la mapokezi nione kwa macho yangu kilichokuwa kimetokea, kutoka kwenye ile nakala ya flashi. Mstari wa mail.accountmanager.accounts ulikuwa na account1, account3 na account4, pengo la account2 likionyesha pale uhasibu ulipokuwa. Chini yake, mail.identity.id2.smtpServer, ambayo ni ya dada wa mapokezi, iliandikwa smtp1, na smtp1 ilikuwa na jina la uhasibu. Mshale wenyewe ulikuwa huo. Mtu anaweza kuufuta kwa mkono, lakini si wakati programu imefunguliwa. Nilishawahi kufanya hivyo zamani: nikafuta mistari, nikahifadhi, nikafunga Thunderbird, nayo ilipokuwa inajifunga ikaandika upya faili lote kutoka kumbukumbu yake. Nilipofungua tena, mistari yote ilikuwa imerudi, nikadhani kompyuta ina virusi. Ifunge kwanza, subiri ipotee kabisa kwenye orodha ya programu zinazofanya kazi, ndipo ulifungue faili. Na kama kitu kinaweza kurekebishwa kupitia menyu, kirekebishe kupitia menyu.

Wanaotumia Outlook ya zamani ya Windows watatazama sehemu tofauti kwa wazo lilelile. "Mail" ndani ya "Control Panel" huonyesha profaili zote, na si ajabu kukuta mbili, moja imefutwa akaunti na nyingine bado inayo. "Send/Receive Groups" huonyesha akaunti zipi zinakaguliwa na baada ya dakika ngapi. Nywila zinakaa kwenye "Credential Manager" ya Windows yenyewe.

Ushauri ambao ningeupenda kupewa mimi ile Ijumaa ni kutofuta akaunti ya mtu siku anayoondoka. Badilisha nywila, elekeza barua zake kwa aliyemrithi, uache hivyo miezi michache. Wateja wawili walituandikia kupitia uhasibu wiki ile, barua zao zikarudishwa, na mmoja alidhani tumefunga ofisi. Sasa jina la uhasibu lipo tena kama anwani ya kuelekeza tu, haina sanduku wala nywila, na barua zinaingia kwa kijana.

Jumatano nilikaa kwenye kompyuta ya mapokezi saa nzima. Nilituma barua ya majaribio, nikapokea jibu, nikazima mashine na kuiwasha, nikatuma tena. Kimya. Kwa kijana pia kimya. Lakini mchana wenye seva waliponisomea kumbukumbu zao, uhasibu alikuwa amebisha tena saa nne na robo, kutoka ofisini kwetu. Tulizunguka chumba kwa chumba. Ilikuwa kwenye droo ya chini ya meza ya mzee, imechomekwa chaji kwa waya uliopitishwa nyuma ya kabati: simu ya zamani ya ofisi, aliyokuwa akiitumia kupiga picha risiti, bado iko kwenye Wi-Fi.