Biti ya ngazi: legeza kidole kabla hujaiunguza

Biti yangu ya kwanza ya ngazi, ile yenye umbo la pia ambayo vidato vyake vinazidi kupanuka toka nchani kwenda juu, niliinunua Kariakoo, ya rangi ya dhahabu, inayoanzia milimita 4 na kuishia 32. Ilidumu siku moja. Nilikuwa na boksi la chuma la umeme la kutoboa matundu sita ya glandi (kifaa cha kubania waya unapoingia kwenye boksi) za milimita 20, kazi ya nyumba moja Kigamboni, na tundu la nne halikuisha. Drili ilianza kulia kwa sauti kali, moshi mwembamba ukapanda, kisha makali ya kidato cha 16 yakageuka bluu. Nikaamini nimeuziwa feki.

Jioni nikapita Gerezani kwa mzee mmoja, fundi wa vyuma ninayemheshimu sana. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamkabidhi ile biti. Aliigeuzageuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye makali, akasema, "Hii hujauziwa mbovu, mwanangu. Umeichoma. Ulikuwa unatoboa kwa spidi gani?"

Nilikuwa nimebana kitufe mpaka mwisho, gia ya pili. Ndivyo nilivyozoea, kwa sababu biti ndogo ya kawaida ya milimita 4 au 5 inavumilia. Ya ngazi haivumilii, na ukiona hesabu yake hutasahau tena.

Drili ikizunguka mara moja, makali ya kidato cha milimita 4 yanapita juu ya chuma umbali wa milimita 12 na nusu hivi. Kidato cha 32, kwa mzunguko huohuo, kinapita milimita 100. Kidole chako hakijasogea, drili ni ileile, lakini makali ya juu yanakimbia mara nane ya yale ya chini. Sasa chukua biti ya HSS, yaani ya chuma kigumu cha kukatia, kwenye chuma cha kawaida: makali yake yanafanya kazi vizuri yakipita kama mita 20 kwa dakika. Kidato cha 4 kitahitaji mizunguko kama 1,600 kwa dakika, cha 20 kama 320, na cha 32 kama 200 tu. Mimi nilikuwa nakipeleka kidato cha 16 kwa mwendo wa ncha. Hakuna makali yanayostahimili hivyo. Na ile rangi ya dhahabu ni ganda jembamba tu juu ya chuma. Inasaidia kidogo, haikuokoi na moto.

Kwa hiyo siku hizi naweka gia ya kwanza tangu mwanzo, na kila kidato kinapoingia nalegeza kidole. Nikifika 20 drili inazunguka kama mara tano kwa sekunde, polepole kiasi kwamba naona mfereji wa biti ukipita. Ila spidi ndogo isikufanye uibembeleze. Kandamiza. Biti inayosugua bila kukata inapata moto uleule, na kama ni chuma cha pua (stainless steel), pale unaposugua panazidi kuwa pagumu hadi haikati kabisa. Angalia kinachotoka: vikiwa vinyuzi vilivyojikunja, unakata. Likiwa vumbi, ama hukandamizi vya kutosha ama makali yamekwisha. Tone la mafuta kila baada ya vidato viwili au vitatu. Ya kukatia chuma ndiyo mazuri zaidi, lakini hata oili safi ya injini ni bora kuliko kutoboa pakavu.

Hakikisha pia drili haiko kwenye alama ya nyundo. Ukitoka kutoboa ukuta ni rahisi kuisahau hapo, na nyundo inamega makali.

Biti hii ni ya bati na chuma chembamba. Pima urefu wa kidato kimoja: chuma chako kiwe chembamba kuliko hapo, la sivyo kidato kinachofuata kitaanza kukata kabla cha kwanza hakijatokea upande wa pili, na tundu litakuwa pana juu, jembamba chini. Boksi la milimita 1.2 au 1.5 halina shida. Flati bari nene itobolee kwa biti za kawaida au ule msumeno wenye umbo la kikombe.

Kabla ya kuanza, gonga alama kwa panchi ili ncha isiteleze, kisha bana kazi kwa jiliwa au klampu. Usiishike kwa mkono. Nimewahi kushikilia kipande cha bati kwa vidole. Kidato kilipopenya kikakikamata na kukizungusha, na kovu ninalo kwenye kidole gumba. Vaa miwani. Glavu za kitambaa zivue, zinanaswa.

Kosa jingine ni kupitiliza. Kidato kimoja zaidi na tundu la 20 limekuwa 22, glandi inacheza. Mimi hupaka wino mzito kwenye kidato nisichotaka kiingie. Nikifika hapo nakigusisha kidogo tu mdomoni mwa tundu, ule mteremko wake unaondoa ncha kali ambazo zingekwangua waya. Kwa glandi ya 25, biti hii inaruka kutoka 24 hadi 26. Natumia 26, nikishahakikisha washa na nati vinaziba tundu lote.

Kama boksi lina sakiti breka ndani, zima umeme, zitoe kabla hujatoboa. Kinyuzi kimoja cha chuma kikilala kati ya nyaya mbili, kitasubiri kimya mpaka umeme urudi. Kuzifunika kwa kitambaa siamini tena, nyuzi zinapenya.

Na kwa sisi wa Dar kuna hili ambalo wengi wanaliruka. Ukishatoboa, umeondoa rangi na kuacha chuma kitupu. Kigamboni, Kunduchi, Msasani, upepo wa chumvi unaanzia hapohapo, na masika ikija kutu inakuwa imeshaingia chini ya glandi. Natembea na kikopo kidogo cha rangi ya kuzuia kutu na brashi nyembamba. Nafuta mafuta yote, napaka ukingo wa tundu pande zote mbili, naacha ikauke, ndipo naingiza glandi.